Maisha ya Bwana John Strachey, Waziri wa Karanga za Kongwa

Huenda msomaji akastaajabu kuona kwamba katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, ambamo angetazamia kusoma habari za wazee wetu wenyewe, tumetia habari za Mwingereza aliyekuwa mwana wa watu wakubwa, mwandishi wa vitabu na mwanasiasa, wala hakuwa mkulima. Sababu yetu ni hii. Hakuna mtu mwingine ambaye jina lake limefungamana kuliko lake na fedha za Serikali zilizomwagwa katika ardhi ya uwanda huu wa kati kwa ajili ya kilimo cha namna mpya. Na kwa kuwa katika mikutano yetu huulizwa mara kwa mara kwa nini Serikali inatoa ruzuku kwa vituo vya utafiti, ambavyo matunda yake huchelewa, badala ya kuleta mashine mashambani moja kwa moja, tumeona yafaa wanachama wajue mambo yalivyokuwa wakati mashine zilipotangulia na utafiti ukafuata nyuma.

John Strachey alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1901 katika wilaya ya Surrey, kusini mwa Uingereza. Ukoo wake ulikuwa umetoa watu wengi waliotumikia utawala wa Waingereza katika Bara Hindi, na baba yake alikuwa mhariri na mwenye gazeti maarufu la The Spectator, gazeti la watu waliopenda mambo yabaki kama yalivyo. Kijana huyo alisomeshwa Eton, kisha Oxford, yaani katika shule na chuo walikopelekwa watoto wa mabwana. Ilitazamiwa kwamba atashika kalamu ya baba yake na siasa ya baba yake pia. Kalamu aliishika kweli. Siasa aliikataa, na mwaka 1923 akajiunga na Chama cha Wafanyakazi.

Mwaka 1929 alichaguliwa kuwa mbunge wa sehemu moja ya mji wa Birmingham. Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki kubwa duniani. Viwanda vilifungwa, na watu kwa mamilioni walikaa bila kazi. Strachey alikosa subira. Alitoka katika chama chake mwaka 1931 kumfuata Oswald Mosley aliyeanzisha chama kipya, lakini alipoona mwenzake anaelekea upande wa udikteta alijitenga naye mwaka huohuo. Kisha akageukia mafundisho ya Karl Marx, na kwa muda wa miaka kadhaa akawa miongoni mwa waandishi waliosomwa zaidi nchini mwake juu ya mambo ya uchumi. Mwaka 1936, pamoja na Victor Gollancz na Harold Laski, alianzisha klabu ya vitabu iliyowapelekea makumi ya maelfu ya wanachama wake vitabu vya siasa kwa bei nafuu. Vita vilipoingia alitumikia katika jeshi la anga, na sauti yake ikajulikana na watu wengi kwa hotuba zake za redio.

Twayaeleza haya kwa kifupi ili msomaji amjue mtu mwenyewe. Alikuwa na akili nyingi, na moyo wake ulikuwa kwa watu wanyonge. Aliamini kwamba shida za wanadamu zaweza kuondolewa kwa mipango mikubwa iliyopangwa vizuri na kusimamiwa na Serikali. Mtu wa namna hiyo hashawishiwi na rushwa, ila aweza kushawishiwa na hesabu iliyoandikwa vizuri.

Uchaguzi wa mwaka 1945 ulikipa Chama cha Wafanyakazi ushindi mkubwa, na Strachey akaingia tena Bungeni, safari hii kwa mji wa Dundee huko Scotland. Mwezi wa Mei 1946 alifanywa Waziri wa Chakula. Cheo hicho wakati ule kilikuwa cha taabu tupu. Uingereza ilikuwa imeshinda vita, lakini ilikuwa na njaa na madeni. Mnamo Julai 1946 Waziri mpya alilazimika kuwagawia watu mkate kwa vipimo, jambo ambalo halikufanywa hata wakati wa vita vyenyewe. Mafuta ya kupikia yalikuwa haba kuliko mkate, na kila mtu alipimiwa wakia chache tu kwa juma. Dunia nzima ilikuwa na upungufu wa mafuta, wala fedha za kigeni za kuyanunulia hazikuwapo. Kila siku mezani pake Waziri alikuta malalamiko ya akina mama.

Katika hali hiyo lilimfikia pendekezo la Bwana Frank Samuel, mkuu wa Kampuni ya United Africa, iliyohusiana na watengenezaji wakubwa wa sabuni na siagi ya mimea. Bwana Samuel alikuwa amepita katika anga ya Tanganyika mapema mwaka 1946, akaona mapori makubwa yasiyokaliwa na watu, akafikiri kwamba mapori hayo yakifyekwa kwa mashine yangeweza kutoa karanga nyingi kupita kiasi. Serikali ilituma ujumbe wa watu watatu kutazama, ukiongozwa na Bwana John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Waliizunguka nchi kwa muda wa majuma tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na taarifa yao.

Taarifa hiyo ilipendeza sana kusomwa. Ilipanga mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Kati ya hayo 80 yawe Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Jumla yake ni ekari 3,210,000. Gharama ilikisiwa kuwa karibu pauni milioni 24, na baada ya miaka michache zingepatikana tani 600,000 za karanga kila mwaka. Tena iliandikwa kwamba mwishowe, baada ya miaka mingi, mashamba yangekabidhiwa kwa wenyeji wayaendeshe kwa njia ya ushirika. Msomaji wetu aliangalie neno hilo vema. Huenda kama mpango ule ungalifaulu, tungalikuwa leo na chama cha ushirika cha Kongwa chenye ekari mamia elfu.

Lakini swali moja liliulizwa na kuwekwa kando. Je, lisingekuwa jambo la busara kulima kwanza shamba dogo la majaribio kwa miaka miwili au mitatu, kuona mvua, udongo na magonjwa ya mahali penyewe? Jibu lilikuwa kwamba haja ya mafuta ni ya sasa hivi, na kungojea majaribio ni kupoteza misimu. Baraza la Mawaziri lilikubali, na Novemba 1946 Strachey akalitangaza jambo hilo Bungeni. Kwa maoni yetu hapo ndipo kosa lilipofanyika, na yote yaliyofuata yalikuwa matokeo yake tu.

Ajabu ni kwamba Serikali hiyohiyo ya Uingereza ilikuwa na mlango mwingine wa kutolea fedha za uchunguzi. Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni ya mwaka 1940 ilitenga hadi pauni 500,000 kila mwaka kwa ajili ya utafiti katika makoloni yote, na sheria ya mwaka 1945 ikaongeza kiasi hicho hadi pauni milioni moja kwa mwaka. Lakini mfuko huo ulikuwa chini ya Wizara ya Makoloni. Mpango wa karanga uliwekwa chini ya Wizara ya Chakula, ambayo kazi yake ilikuwa kununua na kugawa chakula, si kulima. Basi waliokuwa na ujuzi wa nchi hawakuwa na amri, na waliokuwa na amri hawakuwa na ujuzi.

Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Watu wa kwanza walifika mwanzoni mwa mwaka 1947, na lengo la mwaka ule lilikuwa kulima ekari 150,000. Matrekta hayakupatikana viwandani, ikabidi yanunuliwe makuukuu yaliyoachwa na majeshi huko Ufilipino; na vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ilijaa shehena hata pakawa hapana pa kukanyaga. Reli ya tawi ilitengenezwa kutoka Msagali. Minyororo mizito ilifungwa kati ya matrekta mawili na kukokotwa porini ili kung'oa miti, na mahali palipokuwa na mibuyu mashine zilisimama. Mizizi ya vichaka vyetu, ambayo kila mkulima wa Ugogo anaijua kwa jembe lake, ilivunja majembe ya chuma. Na mchanga mkali uliomo katika udongo ukayala kama tupa. Kabla mwaka haujaisha matrekta mengi yalikuwa yamelala karakana. Katika ekari 150,000 zilizokusudiwa, zilipandwa kama 7,500.

Ardhi yenyewe ilikuwa bado haijasema neno lake. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ndani yake. Mvua ikinyesha hulainika, jua likiwaka hukauka ukawa kama matofali. Sasa karanga, kama wanachama wetu wajuavyo, huzaa chini ya ardhi. Kijiti cha ua hushuka na kuingia udongoni, na huko ndiko ganda hutunga. Udongo ukiwa mgumu kijiti hakipenyi. Na zile zilizokwisha kutunga hazing'oki, hukatika zikabaki chini. Ukaja pia ugonjwa unaodumaza miche, uenezwao na vidukari. Kisha msimu wa 1948 na 1949 mvua ilikataa. Alizeti iliyopandwa ili kusaidia karanga ilikauka nayo.

Je, kulikuwa na mtu ambaye angeweza kuwaambia? Naam, walikuwapo wengi. Walikuwapo wazee wa Kigogo walioiona njaa kuu ya Mtunya, iliyoua watu wengi katika nchi hii mwishoni mwa Vita Kuu ya kwanza na miaka iliyofuata. Watu hao hawakukaa na pori tupu kwa uvivu. Walilima uwele na mtama hapa kidogo na pale kidogo ili mvua ikikosa huku ipatikane kule, na akiba yao waliiweka katika ng'ombe. Tena Mpwapwa, jirani ya Kongwa, palikuwa na kituo cha uchunguzi wa mifugo tangu zamani za Wadachi, mwaka 1905. Pale wataalamu walikuwa kwa miaka mingi wakipima malisho, mmomonyoko wa udongo na maradhi ya wanyama, na wakichanganya damu za ng'ombe wa kienyeji na wa kigeni hata wakapata aina ya ng'ombe iitwayo Mpwapwa, yenye kuvumilia ukame na kutoa maziwa zaidi. Kazi hiyo ilichukua miongo ya miaka na kuwashinda wenye haraka, lakini ng'ombe wenyewe wapo hadi leo.

Lazima tuseme kwa haki kwamba mpango wa karanga ulikuwa na wanasayansi wake, wakiongozwa na Bwana Hugh Bunting, na walifanya kazi ya kusifiwa. Walipima mvua, wakachora ramani za udongo, wakajaribu mbegu na nafasi za kupandia. Ila waliajiriwa wakati uleule trekta zilipokuwa zikishushwa. Majibu yao yalipokuwa tayari, fedha zilikwisha kuteketea. Ni kama fundi kupima kiwanja baada ya kuezeka nyumba.

Hebu turudi kwa Waziri. Mwaka 1948 sheria mpya iliunda Shirika la Chakula la Nchi za Ng'ambo, likapewa ruhusa ya kukopa hadi pauni milioni 50 kutoka Hazina, na mwenyekiti wake akawa Bwana Leslie Plummer. Strachey aliutetea mpango kwa nguvu zake zote. Kila taarifa mbaya ilipofika kutoka Kongwa alipata maelezo ya kuipunguza makali: ni matrekta mabovu, ni bandari, ni mgomo wa wafanyakazi wa mwisho wa mwaka 1947, ni ukame wa msimu mmoja. Hatudhani kwamba alisema uongo. Alikuwa ametumia sifa yake kuudhamini mpango, na mdhamini huona vigumu kusadiki kwamba mdeni wake amefilisika. Lakini ilipotolewa taarifa ya fedha ya Shirika ya mwaka ulioishia Machi 1949, wakaguzi wa hesabu walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vilitunzwa ipasavyo. Maofisa wetu wa vyama vya msingi wanajua uzito wa neno hilo likitoka kwa mkaguzi. Mwezi wa Novemba 1949 Bwana Wakefield, mwenye ile taarifa ya kwanza, aliondolewa katika Halmashauri ya Shirika. Wapinzani Bungeni walitaka Waziri mwenyewe aondoke, lakini hakuondoka.

Baada ya uchaguzi wa Februari 1950 alihamishwa kwenda kuwa Waziri wa Vita, na karanga zikamwangukia mwingine. Januari 1951 Serikali ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekoma, na hasara ya pauni zaidi ya milioni 36 ifutwe vitabuni. Kwa shilingi za siku zile ni zaidi ya milioni 720. Tulinganishe na ule mfuko wa utafiti tulioutaja. Fedha zilizopotea zingalitosha kujaza mfuko wa utafiti wa makoloni yote ya Waingereza kwa kiasi chake cha juu kabisa muda wa miaka 36. Nazo karanga zilizovunwa, yasemekana, hazikufikia uzito wa mbegu zilizonunuliwa.

Na hapo ndipo lilipofanyika lile lililokataliwa mwaka 1946. Kilichobaki cha mpango, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, kilihamishiwa Wizara ya Makoloni na kugeuzwa kuwa mashamba ya kujaribia, kwa fedha chache na kwa miaka kadhaa. Mwaka 1955 yakaingia mikononi mwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Kongwa, baada ya kupimwa kwa utulivu, ikaonekana kuwa nchi ya malisho, jambo ambalo mchungaji yeyote wa Kigogo angalilisema bila malipo. Ikafanywa ranchi, na ng'ombe wanalishwa pale hadi sasa. Majengo ya mpango yalipata kazi nyingine pia, maana tangu mwaka 1964 Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, watu wa Msumbiji, Angola, Namibia na Afrika Kusini.

Karanga nazo hazikufa. Kusini, katika kituo cha utafiti cha Naliendele karibu na Mtwara, watafiti wetu wa Tanzania waliendelea mwaka hata mwaka kuchagua mbegu zinazokomaa upesi na kuvumilia magonjwa, kwa ruzuku za Serikali na misaada ya wenzao wa nje. Mwaka 1998 walitoa mbegu iitwayo Pendo, ambayo wengi katika mkoa wetu wa Dodoma wamekwisha kuionja shambani. Mwaka 2009 zilifuata nyingine, na mojawapo imepewa jina la Nachingwea. Taasisi inayokisimamia kituo hicho, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, makao yake makuu yapo Makutupora, hapa hapa kwetu. Mwanachama mwenye swali juu ya mbegu au udongo hana haja ya kwenda mbali.

Strachey alitoka serikalini pamoja na chama chake mwaka 1951, lakini aliendelea kuwa mbunge wa Dundee Magharibi. Akarudia kazi aliyoiweza kuliko zote, kuandika. Kitabu chake cha mwaka 1956 kilichunguza ubepari wa zama zake, na kile cha mwaka 1959 kilihusu mwisho wa himaya. Humo alieleza kwamba Waingereza hawatakuwa maskini kwa kuacha kutawala nchi za watu. Wengi wa nchi yake walikuwa hawajawa tayari kusikia hayo. Twaona katika vitabu hivyo mtu aliyejifunza kusema polepole kuliko alivyosema akiwa Waziri.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Mapema mwaka 1963 Bwana Harold Wilson, kiongozi mpya wa Chama cha Wafanyakazi, alimteua Strachey kuwa msemaji wa upinzani juu ya mambo ya Jumuiya ya Madola, ambayo Tanganyika ilikuwa mwanachama wake. Ilielekea kwamba, chama chao kikishika Serikali, angeshughulika tena na nchi hii, safari hii akizungumza na mawaziri wake wenyewe. Haikuwa hivyo. Alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo huko London, akafariki tarehe 15 Julai 1963, umri wake miaka 61. Chama chake kilishinda uchaguzi Oktoba mwaka uliofuata.